Mto Usio na Pini

Kuching, Jumatatu, 5 Mei 1986
Asubuhi ukungu mwepesi, kisha jua kali tangu saa mbili.

Dada Veronika,

Nimepata chupa ya machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa uliyoituma kwa gari la mizigo la Liew. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na dereva wake, Ah Siong, amenilalamikia kwamba gari zima limenuka kama soksi tangu Serian. Nimemwambia afungue madirisha na ashukuru.

Umeuliza ni kazi gani hiyo inayonizuia kuja kuchuma pilipili manga mwaka huu. Nitakueleza kwa mpangilio. Kuna daktari mpya hapa hospitalini, Daktari Yong, mwanamke mfupi anayevaa viatu vya mpira. Anataka kujua ugonjwa mmoja wa misuli umeenea kiasi gani katika watu wa sehemu hii. Misuli inavimba na kuwaka kutoka ndani, bila jeraha wala mdudu. Mwili wa mtu ndio unaojishambulia. Ni ugonjwa adimu. Vitabu vyake vya nje vinasema kwa kila watu laki moja huenda wakapatikana watano, vingine vinasema kumi, vingine zaidi. Havikubaliani. Kwetu hakuna aliyewahi kuhesabu. Basi nafungua mafaili ya miaka kumi, moja moja, kuanzia 1976. Nikikuta dalili alizoniandikia, naandika kadi ya manjano: jina, umri, kijiji, mwaka, na safu ya mwisho, matokeo.

Dalili zenyewe ni hizi. Mtu hawezi kuinua mikono kuchana nywele. Akichuchumaa hawezi kuinuka. Kope zinageuka rangi ya zambarau. Vifundo vya vidole vinakuwa vyekundu na kuchunika.

Mpaka leo nimepata tisa. Kwa wanne kati yao safu ya mwisho imeandikwa "amefariki". Wakati wa chakula cha mchana nazigeuza kadi zile kifudifudi.

Msalimie Mama, na shemeji Mikel.

Mdogo wako,
Ludwina


Kampung Sinyaru, 9 Mei

Ludwi mdogo wangu,

Kwa hiyo serikali inakulipa mshahara kutafuta watu wasioweza kuchana nywele! Njoo huku. Msimu wa pilipili hakuna anayechana.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale mtoni, wanawake wote wapo. Wiki hii tumelowesha magunia kumi na moja, maji yananuka mpaka samaki wamehama. Nilipofika kwenye vifundo vyekundu, kila mtu akatoa mikono yake majini na kuiangalia. Mama Gorda akasema, "Mwambie mdogo wako akija kuhesabu mikono iliyochunika aje na daftari kubwa, maana ataandika kijiji kizima pamoja na mbwa." Tulicheka mpaka gunia la Mama Gorda likachukuliwa na mkondo.

Mimi mzima. Nimekata nywele, fupi kama za padri, kwa sababu ya joto. Mikel amenuna siku mbili. Mwaka huu yeye ndiye anayepanda ngazi, mimi nachuma matawi ya chini. Anasema nimekuwa bosi. Nimemwambia ni kweli, na bosi anataka kahawa.

Pilipili nyeupe inaanza kutoka vizuri. Tukiuza kabla ya sikukuu ya mavuno, Gawai, nitakununulia kitambaa. Usile mbele ya kadi zako, hata zikiwa kifudifudi.

Dada yako,
Veronika


Kuching, Jumatatu, 19 Mei 1986
Mvua tangu alfajiri. Radi moja, saa kumi na mbili na nusu.

Dada Veronika,

Sasa ni kumi na mmoja. Nimemaliza mafaili yote, na sidhani kama wataongezeka. Tulio katika sehemu hii ni zaidi ya laki nne, kwa hiyo hesabu yetu ni ndogo kuliko ile ya vitabu. Daktari Yong ametundika ramani ukutani na kunipa pini za rangi nyekundu. Nimechoma pini moja kwa kila kadi. Nane ziko mjini na kando ya barabara kubwa. Mbili ziko pwani. Moja iko Serian. Mto wetu, kutoka darajani mpaka milimani, hauna hata moja.

Nikasema kwa majivuno, "Daktari, kwetu hakuna. Watu wa kwetu wana nguvu."

Akaniuliza, "Kutoka kwenu mpaka hapa ni saa ngapi?"

"Tano, kama barabara haijakatika."

"Na mtu asiyeweza kuinuka alipochuchumaa, anafikaje?"

Nikaufuata mto kwa kidole. Akasema, "Ludwina, pasipo na pini ni pale ambapo hakuna aliyeuliza."

Tangu siku hiyo nina wasiwasi. Nimemkumbuka Shangazi Nyangon, jinsi alivyokuwa akiinuliwa kwenye mkeka na watu wawili. Nimetafuta faili lake la 1979. Lina karatasi moja tu, nayo imeandikwa "udhaifu wa mwili". Kope zake zilikuwaje? Mimi nilikuwa mdogo, wewe utakumbuka.

Nakuomba ufanye jambo moja, hata kama utanicheka. Chuchumaa karibu na jiko, kunja mikono kifuani, halafu inuka bila kushika kitu. Mara tano. Kisha niandikie.

Sina hofu sana. Nimeuangalia mwandiko wako wa barua iliyopita, herufi zimesimama wima kama nguzo za pilipili. Mtu ambaye mikono yake imeishiwa nguvu hawezi kuandika hivi. Nimejiambia hivyo na nimetulia.

Mdogo wako,
Ludwina


Kampung Sinyaru, 23 Mei

Ludwi,

Nimechuchumaa, nimeinuka. Mara kumi, si tano, Mikel akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa mazoezi. Kuku wamekimbia. Umeridhika?

Nina jino tu linalonisumbua. Nakula uji wa mchele, na Mama ananikorogea kama mtoto mchanga. Nimehamia kulala ukumbini karibu na ngazi, maana chumbani kuna joto. Mama anasema kuna kitu kimenifuata kutoka mtoni, anataka kumwita bibi wa kijiji cha juu aje kunitibu kwa desturi. Mwache afurahi. Padri hayupo mpaka Gawai, hatajua.

Kuhusu Shangazi Nyangon. Alikwenda huko kwenu akiwa anacheka kwamba ataonja barafu. Akarudi ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, na hatukuruhusiwa kulifungua. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Kope sikuziona. Usinitajie faili lake tena.

Nitakuja mjini baada ya Gawai, tukishauza. Nitakaa kwako wiki nzima na kula barafu mimi.

Veronika


Kuching, Jumatatu, 26 Mei 1986
Mawingu, hakuna upepo. Joto lilianza mapema.

Dada Veronika, na wewe pia shemeji Mikel, kwa sababu barua hii ni yenu wote wawili,

Leo asubuhi nilimwambia Daktari Yong kwamba dada yangu ana vifundo vyekundu kwa sababu ya pilipili, lakini nimemwondoa katika hofu zangu kwa kuuangalia mwandiko wake. Daktari akaweka kalamu chini.

"Nani alikwambia mwandiko unapima?"

"Nimefikiri mwenyewe."

"Ugonjwa huu unaanzia mabegani na mapajani. Vidole huwa vya mwisho. Niliwahi kuwa na mgonjwa aliyeshindwa kugeuka kitandani, na bado alikuwa akishona vifungo. Huyo dada yako anakula nini siku hizi?"

Nilipomwambia uji, alisimama.

Nimeketi na barua zako zote na daftari langu, dada, na nimezisoma kwa tarehe. Mwezi wa kwanza uliniandikia kwamba umeacha kubeba kikapu kwa sababu kamba inakuumiza paji la uso. Umekibeba tangu una miaka tisa. Mwezi wa tatu uliniomba dawa ya macho kwa sababu vumbi la pilipili limezifanya kope zako ziwe na rangi ya biringani. Niliinunua, nikaituma, nikaandika bei yake kwenye daftari, na sikufikiri lolote. Mwezi huu umekata nywele. Umeacha ngazi. Umehamia ukumbini, ambako hakuna kizingiti cha kuvuka. Sasa jino. Jino lipi? Magego mawili yaliyokuwa yanakusumbua yaling'olewa Desemba pale Serian, na mimi ndiye niliyekushika mkono. Ulinifinya mpaka nikatoka damu.

Nimezisoma dalili hizo katika barua zako miezi mitano, na mchana kutwa nikazitafuta kwenye mafaili ya watu nisiowajua.

Daktari anasema koo likianza, hatuhesabu tena kwa miezi. Uji unaweza kuingia njia ya pumzi. Misuli ya kuvuta pumzi nayo inaweza kuchoka. Dawa ipo, lakini haiwezi kutolewa kwa barua.

Shemeji, nakuuliza wewe. Aliinuka mara kumi?

Njooni na gari la Ijumaa. Msingoje Gawai.

Ludwina


Kampung Sinyaru, Jumanne, 27 Mei

Shemeji Ludwina,

Mimi si mtu wa kuandika barua, utanisamehe. Ah Siong anangoja chini.

Hakuinuka hata mara moja. Aliniambia nihesabu kwa sauti ili Mama asikie akiwa jikoni. Nilihesabu mpaka kumi, yeye ameketi. Tangu mwezi wa pili mimi ndiye ninayemwinua asubuhi. Namkumbatia chini ya mabega, namwambia twende tukacheze ngoma, anacheka, basi anasimama. Aliniapisha kwa msalaba nisimwambie mtu. Kwamba akienda mjini atarudi kama Nyangon.

Jana jioni alipaliwa na uji. Akawa wa bluu. Nilimgeuza kichwa chini, ukatoka. Sasa sauti yake inatokea puani, maneno mengine siyaelewi. Amekataa kula kabisa, anaogopa. Mimi pia naogopa. Usiku nashika mkono wangu mbele ya mdomo wake kuona kama anapumua.

Tatizo ni hili. Yule bibi wa kijiji cha juu alikuja, akamtibu, na leo asubuhi tumeanza mwiko. Majani yamefungwa kwenye ngazi. Siku nne. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, mgonjwa asivuke maji yanayotembea. Nimemsomea Mama barua yako ya Jumatatu. Akasema, "Siku nne. Mwiko ukikatwa, kile kilichomshika kitarudi na ndugu zake." Nikamwambia Ludwina amesoma. Akasema, "Nyangon pia alipelekwa na waliosoma."

Siwezi kumbeba nikampita Mama mlangoni. Ni mama yangu pia.

Barua hii nimeifunga kwenye ncha ya mti mrefu na kumpa Ah Siong kwa dirishani. Anasema hajawahi kupokea posta kwa ndoana.

Mikel


Kuching, Jumatano, 28 Mei 1986
Mvua ndogo, ikakatika saa moja.

Mama,

Mikel atakusomea. Mikel, soma yote, usiruke, na soma polepole.

Sijaja mwenyewe kwa sababu najua mwiko. Mguu wangu ukigusa ngazi, siku zinaanza upya kuhesabiwa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Sikuandikii kukwambia kwamba mwiko ni uongo. Sijui. Najua kitu kimoja tu, nacho ni kadi zangu, kwa hiyo nitakwambia za kadi.

Ni kumi na moja. Wanne wamekufa. Watatu kati ya hao wanne walifika hapa koo likiwa limeshafunga. Mmoja alikuwa amengoja mavuno yaishe. Mmoja alikuwa amengoja harusi ya mwanawe. Wa tatu sijui alingoja nini, hakuna aliyeandika. Katika wale waliofika wakiwa bado wanameza, amekufa mmoja tu. Haya hayakusemwa na daktari, Mama, nimeyaona mwenyewe kwenye karatasi, na nimerudia kuyahesabu jana mara tatu nikitumaini nimekosea.

Shangazi Nyangon hakufa kwa sababu ya kupelekwa mjini. Hapa hakuna aliyejua anaumwa nini. Waliandika maneno matatu wakamwacha. Sasa kuna mtu mmoja anayejua, na yuko tayari, na ameshaandaa kitanda.

Sitakudanganya kama dada alivyonidanganya. Daktari hakuniahidi kwamba Vero atarudi kwa miguu yake. Hakuniahidi hata kwamba atarudi. Amesema tu kwamba kila siku ina thamani yake, na kwamba Jumamosi, mwiko ukiisha, si sawa na kesho.

Gari la wagonjwa haliwezi kupita daraja la mbao, ni zito. Nitakuwa nalo ng'ambo ya daraja kesho Alhamisi tangu saa kumi na mbili asubuhi, na sitaondoka. Ah Siong amekubali kurudi huko leo na barua hii peke yake, bila mzigo, na atalala kwenye gari chini ya nyumba mpaka mtakapoamua.

Faini ya mwiko nitailipa mimi. Kuku, sahani, panga, chochote watakachosema wazee.

Mama, naogopa. Sijui kuandika jambo lingine.

Mwanao,
Ludwina


Wodi ya wanawake, kitanda cha 14, 1 Juni

Ludwi,

Nesi ananiambia uko chini yangu hasa, ghorofa mbili, na kwamba saa za kuona wagonjwa zimekwisha na umefukuzwa kama mwizi. Nimemwomba akuletee hii. Kwa mpira huu wa kulishia uliopitishwa puani siwezi kusema neno, na hata kabla ya mpira nilikuwa nazungumza kama bata. Lakini vidole bado vinanitii. Meza imewekwa chini ya kiwiko changu na kalamu inatembea. Daktari wako alisema kweli.

Ulisimama pale darajani na saa mkononi kama mwamuzi wa mpira. Sikuweza kukusalimu, basi nakusalimu sasa.

Utataka kujua Mama alifanyaje, kwa sababu yeye hatakwambia. Mikel alisoma. Mama alikuwa akitafuna tambuu. Alipofika kwa wale watatu, Mama akasema, "Rudia hapo." Mikel akarudia. "Rudia tena." Akarudia. Mama akatema, akafuta mdomo, akashuka ngazi na kuyang'oa majani kwa mikono yake miwili. Mama Gorda alikuwa ukumbini kwake akaona. Akapiga kelele, "Mama Vero! Zimebaki siku chache tu! Utatuletea balaa!" Na Mama, ambaye hajawahi kupandisha sauti hata kwa nguruwe, akajibu, "Lije kwangu, nimesimama nje! Kuku ni wangu, mwiko ni wangu, na mtoto ni wangu! Wewe leta mlango, huu wangu mfupi!" Basi Mama Gorda akaleta mlango wake huku analia na kulaumu, na ndio niliobebewa mpaka kwenye gari la Ah Siong.

Sasa lile jingine. Ulifikiri nilikudanganya kwa sababu sikuamini. Ludwi, niliamini. Siku ile niliposoma barua yako ya kwanza pale mtoni, nilipofika kwenye kope za zambarau nilijua. Nilisoma mpaka mwisho kwa sauti ileile na wote wakacheka. Wanne kati ya tisa. Nikafikiri, nikinyamaza, sitaingia kwenye hesabu, na asiyehesabiwa labda hafi. Ni ujinga. Lakini usiku, ukiwa umelala ukumbini na huwezi kugeuka, ujinga kama huo unakuwa kama blanketi.

Leo ni Gawai. Huko wanapiga upatu wa shaba. Hapa mgonjwa wa kitanda cha kumi na tano amepewa biskuti.

Sijalala tangu nifike. Nikisinzia tu nasahau kumeza mate, naamka nikizama. Manesi wanasema mpira unanilinda. Lakini siwezi kufumba macho, nahisi nikifumba ndiyo basi. Nahesabu mapanga ya feni.

Na kitu kimoja zaidi, kwa ajili ya ramani yako. Mama Gorda hawezi kuinuka bila kushika nguzo tangu Krismasi. Tulikuwa tunamcheka kwamba amezeeka. Ana miaka arobaini na miwili. Alipoubeba ule mlango pamoja na wengine, upande wake uliinama, na nilimwona amefunga macho kwa maumivu. Mikono yake niliiona pale mtoni siku ile, na nikacheka pamoja na wengine.

Uliza, Ludwi. Mimi sikuuliza.

Vero


Kuching, Jumanne, 10 Juni 1986
Asubuhi anga safi. Baridi kidogo kabla ya jua.

Mama na shemeji Mikel,

Ah Siong atawafikishia leo usiku. Nitaanza na habari mnazozingoja.

Yu hai. Kile kipande kidogo cha msuli walichomkata pajani kimeonyesha ugonjwa ni huohuo. Daktari Yong aliogopa kitu kingine ambacho hakuniambia mpaka jana: wakati mwingine, hasa kwa watu wa huku kwetu, ugonjwa huu unafuatana na saratani iliyojificha nyuma ya pua. Walichukua kipande huko pia. Nilikaa siku nane nikijua kwamba wanatafuta kitu na sijui ni nini, na daktari ananipita kwenye korido bila kunitazama usoni. Jana saa tisa majibu yalikuja. Pua safi. Daktari alikaa kwenye kiti changu, kati ya mafaili, akavua viatu vyake na kusugua miguu. Akasema, "Hilo moja tumelipita." Kisha akaniambia tutampima tena kila baada ya miezi michache, kwa muda mrefu, kwa hiyo msifanye sherehe.

Anapewa vidonge vingi vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa misuli, kila asubuhi. Uso wake umeanza kuvimba na kuwa mviringo, mkimwona msishtuke. Mikono bado haiinuki. Hawezi kujigeuza. Mapafu yana sauti kidogo upande wa kushoto, wanaufuatilia upande huo. Leo asubuhi nesi amempa maji kwa kijiko, kijiko kimoja, na wote tukaiangalia shingo yake. Yakapita. Cha pili kikapita. Cha tatu akapaliwa, wakamwinamisha, nikatoka nje nikashika ukuta. Lakini viwili vimepita, na wiki iliyopita hakuna kilichopita.

Sasa sikilizeni kuhusu Ijumaa. Daktari Yong anakuja Sinyaru. Mimi nitakuwa naye. Tutakaa ukumbini kwa Mama na kumwomba kila mtu mzima achuchumae na kuinuka bila kushika kitu, na aonyeshe mikono baada ya kuiosha. Mikel, zungukia nyumba zote uwaambie. Hakuna kucheka. Atakayecheka nitamwandika jina. Anza na Mama Gorda, na usimwambie mapema sana, maana atakwenda shambani. Kama hajaanza kula uji, mzuie asianze kubeba magunia. Kama ameanza kula uji, usingoje Ijumaa, mlete leo kwa gari hilihili.

Baada ya Sinyaru daktari anataka kupanda mpaka kijiji cha juu, na vingine viwili. Jana nilimuuliza anafikiri tutapata wangapi. Akasema hajui, ndiyo maana anakwenda. Nilikuwa nikiufurahia ule upande mweupe wa ramani. Sasa siwezi kuuangalia. Nimenunua kisanduku kipya cha pini na nimekificha kwenye droo.

Kadi ya dada nimeiandika mwenyewe, kwa wino. Ya kumi na mbili. Jina, umri, kijiji, mwaka. Safu ya matokeo daktari amesema iachwe wazi kwa miezi sita, na nimeiacha.

Faini ya mwiko, Mama: wazee wameniletea ujumbe kwa Ah Siong kwamba ni kuku wawili na panga moja. Nimenunua panga. Kuku tafadhali wachague wewe.

Naandika haya nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake. Daktari Yong amemwambia sista anifumbie macho. Usiku kumi na mbili Vero hajalala zaidi ya dakika chache, kwa hofu ya kuzama. Ameandika kwenye karatasi, "Nikilala, wewe hesabu pumzi zangu." Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yangu, kuhesabu. Hakucheka, amenishika kidole.

Nimehesabu mpaka mia tatu na kumi. Amelala saa nane na dakika arobaini mchana.

Ludwina